Msiniamini, Hesabuni Wenyewe

Haya ni maneno niliyosema hapa Dar es Salaam kwenye Siku ya Kimataifa ya Hisabati, tarehe 14 Machi, mbele ya wazazi, walimu na wanafunzi wa sekondari. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, nikiondoa vipande vilivyohitaji ubao.

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana asifiwe. Itifaki imezingatiwa, maana nikianza kutaja vyeo kimoja kimoja, nusu saa niliyopewa itakwisha kabla sijataja namba hata moja.

Nianze na tarehe ya leo. UNESCO waliitangaza siku hii mwaka 2019. Ilichaguliwa 14 Machi kwa kuwa Wamarekani huandika mwezi kwanza, siku baadaye: 3/14, nayo inafanana na pai, 3.14. Sisi tunaotanguliza siku, 14/3 haitupi kitu. Kwa haki yetu tungesherehekea 22 Julai, yaani 22/7, pai ileile tuliyofundishwa tangu shule ya msingi. Sasa mtu mmoja atoe simu, agawanye 22 kwa 7. Umepata 3.142857. Pai yenyewe inaanza 3.141592. Haya, toeni. Ile 3.14 imepungua kwa 0.0016 hivi, na 22/7 imezidi kwa 0.0013 hivi. Tarehe yetu iko karibu zaidi na pai kuliko yao! Ni jambo dogo, lakini nimelitanguliza ili mjue nitakavyokwenda leo. Sitaki mniamini. Kila namba nitakayoitaja, mwenye simu aipige, mwenye kalamu aiandike.

Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yakitoka, hisabati ndiyo inayoburuta mkia. Tumeshazoea. Mzazi anasema mbele ya mtoto, "hata mimi hesabu zilinishinda", anasema huku anacheka, na hawezi kuthubutu kusema hivyo kuhusu kusoma na kuandika. Mkute mzazi huyohuyo Kariakoo: bei ya jumla, ya rejareja, nauli ya bajaji, punguzo la mteja wa kudumu, vyote anavikokotoa kichwani akiwa amesimama. Akili anayo. Kilichotuharibu ni kuzoea namba za kuambiwa. Mwalimu akisema jibu ni hili, tunaandika. Mkopeshaji akisema riba ni hii, tunaitikia. Mtandao ukisema maumbile yana namba ya siri, tunasambaza kwenye magrupu. Mimi kwangu hisabati ni ule ukaidi wa kukataa namba ya mtu mpaka uishike kwa mikono yako.

Twende Feri basi, sokoni, samaki wakishapangwa mezani. Kuna changu wawili wa aina moja, mmoja ana urefu wa sentimita 24, mwenzake 30. Muuzaji anakwambia mdogo elfu nne, mkubwa elfu sita. Wengi wetu tutamwona mkubwa ni ghali, kwa sababu jicho linapima urefu: urefu umezidi kwa robo, bei imezidi kwa nusu. Lakini samaki harefuki peke yake. Akirefuka kwa robo, na mgongo unapanda kwa robo, na ubavu unanenepa kwa robo. Zidisheni: 1.25 mara 1.25 mara 1.25. Nani kapata? Ndiyo, 1.95. Nyama ni karibu mara mbili. Kama mdogo ana gramu 250, mkubwa anakaribia 490, na wewe umeongezewa bei kwa nusu tu. Mchukue mkubwa, ondoka, usigeuke nyuma.

Wataalamu wa samaki wanaitumia kanuni hiyohiyo kukadiria uzito wa samaki kwa rula, bila mizani, na kwa samaki wengi kile kipeo, yaani mara ngapi urefu unajizidisha, hukaa karibu na 3. Galileo aliligeuza jambo hili kwa wanyama mwaka 1638. Aliuliza kwa nini mnyama mkubwa hawezi kuwa mnyama mdogo aliyekuzwa tu. Mfanye swala awe mrefu mara mbili, kila upande: uzito unapanda mara 8, lakini nguvu ya mfupa inafuata eneo la uso wake ukikatwa, nalo linapanda mara 4 tu. Mifupa itavunjika. Ndiyo maana miguu ya tembo ni minene kupita kiasi ukilinganisha na kimo chake.

Tukiwa bado Feri, tuyatazame maji. Wavuvi wa pwani hii wanahesabu kwa mwezi, na hesabu yao ni safi. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, jua na mwezi huvuta bahari kwa mstari mmoja, na maji hujaa sana na kupwa sana. Hilo ni bamvua. Mwezi ukiwa nusu, kila mmoja anavuta upande wake, tunapata maji mafu. Kutoka kujaa hadi kujaa tena ni saa 12 na dakika 25 hivi, kwa hiyo kesho maji yatajaa dakika 50 baadaye kuliko leo. Hapo kuna jambo ambalo wavuvi wanalijua na wanafunzi wa jiografia wengi hawajalijumlisha. Kutoka bamvua hadi bamvua ni karibu siku 15. Dakika 50 mara 15 ni dakika 750, sawa na saa 12 na nusu. Yaani kwa siku hizo 15 saa imezunguka yote na kurudi ilipokuwa. Ndiyo maana kwenye pwani yetu bamvua halina vurugu: bahari hutoka asubuhi kuelekea saa nne, saa tano, na hujaa alasiri na alfajiri, mwezi huu, mwezi ujao, na mwaka kesho. Wanaoenda kuchokoa pweza wanaipanga wiki yao kwa hesabu hiyo.

Hapohapo pana hatari, na kwa ajili yake naomba vijana msikilize vizuri, hasa mnaopenda kutembea hadi kwenye mafungu ya mchanga maji yakiwa yametoka. Siku za bamvua, tofauti ya maji makupwa na maji majaa hapa Dar huweza kupita mita 3. Nitachukua mita 3.6, kwa sababu inagawanyika kwa 12 vizuri. Maji yanapanda kwa takriban saa sita. Mabaharia wana kanuni ya zamani: saa ya kwanza sehemu 1 ya 12, saa ya pili sehemu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa bahari yetu hiyo ni sentimita 30, 60, 90, 90, 60, 30.

Mfikirie mtu aliyekwenda kwenye fungu maji yakiwa makavu kabisa. Saa nzima inapita, maji yamepanda sentimita 30, magotini hayajafika. Anapiga hesabu ya kawaida: nikikaa saa mbili zaidi yataongezeka 60, nitarudi kwa miguu. Bahari itampa 60 halafu 90, jumla 150. Ongeza zile 30 za kwanza: sentimita 180. Wangapi humu mnapita kimo hicho? Katika saa ile ya tatu maji yanapanda sentimita moja na nusu kila dakika. Mtu huyu anajua kujumlisha vizuri tu. Amefanya jambo ambalo wote tunalifanya, la kudhani kwamba kitu kilichoanza polepole kitaendelea polepole.

Wa kidato cha nne, ule mchoro wa wimbi mnaouchora kwenye trigonometria, unaoanza taratibu, ukakaza katikati, ukalegea juu, ndio huu. Mwaka 1872 William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alibuni mashine ya magurudumu na kamba iliyojumlisha mawimbi mengi kama hayo, gurudumu moja la mwezi, jingine la jua, mengine ya mizunguko midogo zaidi, ikatoa jedwali la kujaa na kupwa kwa maji ya bandari kwa mwaka mzima. Jedwali la maji mnalolitafuta kwenye simu leo linatoka kwenye kujumlisha kulekule.

Sasa tuingie mifukoni. Mikopo ya mtaani, ile mnayoiita kausha damu. Mfano huu nimeutunga mimi, namba zikae vizuri, asije mtu akasema nimemlenga. Unakopa 300,000. Unarudisha 12,000 kila siku kwa siku 30, jumla 360,000. Unaambiwa riba ni asilimia 20 tu. Na 60,000 juu ya 300,000 ni asilimia 20 kweli, hakuna aliyekudanganya kwenye kugawanya.

Swali langu ni moja: hiyo laki tatu umekaa nayo mwezi mzima? Siku ya kwanza unayo. Kesho yake umeshaanza kuirudisha, 10,000 ya mtaji na 2,000 ya riba. Katikati ya mwezi fedha yao uliyobaki nayo ni nusu. Siku ya 30 umebaki na 10,000 yao, lakini riba ya siku hiyo ni ileile 2,000, kana kwamba bado una laki tatu mkononi. Riba ya siku moja, asilimia 20 ya ulichonacho! Sasa tafuteni wastani wa fedha uliyokuwa nayo kweli: 300,000, jumlisha 290,000, jumlisha 280,000, endeleeni hadi 10,000, mgawanye kwa 30. Mtapata 155,000. Gawanyeni 60,000 kwa 155,000. Karibu asilimia 39 kwa mwezi. Na kama kabla ya kukupa walikata 15,000 ya fomu, mtaona inapita asilimia 50.

Sisemi watu wasikope. Mama anayechukua maembe alfajiri akayamaliza jioni, mtaji wake unazunguka kila siku na unazaa kila siku, huenda akaimudu hiyo 12,000. Anayekopa kulipia ada ya mtoto hana kitu kinachozunguka. Mkopo ni uleule, riba ni ileile, hesabu ni mbili tofauti. Na upatu wetu, watu wanasema hauna riba. Sawa, hauna, ila wa kwanza kupokea amekopeshwa na wenzake bure, na wa mwisho amewakopesha wote. Kijumbe analijua hilo, ndiyo maana hagombanii nafasi ya mwisho.

Nije kituoni, mahali ambapo sote tumezeekea. Ukimuuliza mtu wa njia yako, daladala zinapita ngapi? Atakwambia tatu kila nusu saa. Nusu saa gawa kwa tatu, moja kila dakika 10. Kwa hiyo ukifika kituoni bila kupanga, wastani utasubiri dakika 5. Ndivyo ilivyo? (Hapa ukumbi ulijibu kwa sauti moja, na jibu sikuliandika.)

Tuzihesabu. Daladala za Dar haziji moja moja. Zinakuja zimefukuzana. Tuseme inapita moja, dakika moja baadaye ya pili, dakika moja baadaye ya tatu, halafu kimya cha dakika 28. Mapengo ni 1, 1 na 28. Wastani wake? Jumla 30, gawa kwa 3, ni 10. Aliyekwambia moja kila dakika 10 amesema kweli. Lakini wewe unafika kituoni saa yoyote Mungu akipenda. Kati ya dakika 30, dakika 28 ziko ndani ya pengo kubwa. Karibu kila mara utaangukia humo, na ukiangukia humo utasubiri wastani wa dakika 14. Ukichanganya na bahati ndogo ya kuangukia yale mapengo ya dakika moja, unapata dakika 13. Umeahidiwa 5, umepata 13, na hakuna aliyesema uongo. Pengo refu linawabeba watu wengi zaidi kwa sababu ni refu.

Na kwa nini zinafukuzana? Konda mkali si sababu pekee. Gari likichelewa kidogo, vituoni linakuta watu wengi zaidi, linachukua muda zaidi kupakia, linachelewa zaidi. La nyuma yake linakuta vituo vimeshazolewa, linasimama kidogo, linalikaribia la mbele. Hata wakiendesha malaika watupu, magari yatakutana. Dawa yake ni kulizuia la nyuma kituoni kwa dakika chache kwa makusudi, na abiria aliye ndani atamtukana dereva.

Hesabu hiyohiyo inajificha kwenye shule zetu. Shule ina madarasa mawili, moja la wanafunzi 20, jingine 100. Mkuu wa shule akiandika ripoti, wastani ni 60 kwa darasa, na yuko sahihi. Sasa simama getini uwaulize wanafunzi wenyewe, mko wangapi darasani? Mia moja kati yao watakujibu mia, ishirini watakujibu ishirini. Wastani wa majibu yao ni karibu 87. Mzazi ukiambiwa wastani, uliza wastani wa nani: wa madarasa au wa watoto?

Kwa kuwa tuko kwenye magari, Coaster yenye abiria 30, uwezekano wa kuwamo wawili waliozaliwa tarehe moja ya mwezi mmoja, mwaka tusiujali, ni asilimia 70. Watu hubisha hadi mishipa ya shingo itoke. Chukueni mechi ya Simba na Yanga pale Uwanja wa Mkapa: wachezaji 22 na mwamuzi wa kati, 23. Hapo tayari mmeshavuka nusu, asilimia 50.7. Mnabisha kwa sababu kila mmoja anajiuliza, nani kazaliwa siku yangu? Swali halikuwa wewe. Jozi zote zilizopo ni 23 mara 22 gawa kwa 2, nazo ni 253. Nafasi 253 za kugongana.

Sasa nanasi. Nimekuja nalo, la Kiwangwa, na tutalila baadaye, kwa hiyo mnaolishika mnawe mikono. Tazameni macho yake. Yamejipanga kwa mistari inayozunguka kama ngazi za mnara. Mistari mingine inapanda taratibu kuelekea upande mmoja, mingine inapanda kwa mkazo kuelekea upande wa pili, na mingine inakaribia kusimama wima. Naomba wanafunzi wawili waje na chaki, kila mmoja aweke alama pale anapoanzia, la sivyo atazunguka mpaka magharibi.

(Walikuja binti wa kidato cha pili na kijana wa kidato cha tatu. Mistari ya taratibu wote wawili walipata 8. Ya mkazo, binti alipata 13 na kijana 12. Ukumbi ukagawanyika. Walirudia pamoja, kidole kwa kidole, wakapata 13. Ile ya kukaribia wima walipata 21 mara ya kwanza.)

Nane, kumi na tatu, ishirini na moja. Nane na kumi na tatu ni ishirini na moja. Nendeni na ua la alizeti, mtakuta mara nyingi 34 na 55. Kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia: 1, 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21, 34, 55. Dunia inaziita namba za Fibonacci, yule Leonardo wa Pisa aliyeziandika mwaka 1202 katika fumbo la sungura wanaozaana. Leonardo mwenyewe alijifunzia tarakimu hizi tunazotumia huku Afrika, katika mji wa Bugia, Algeria ya leo. Lakini kabla yake, wanazuoni wa India walishazikuta wakihesabu mizani za mashairi. Hemachandra alizieleza mnamo 1150. Kwao silabi fupi ni kipigo kimoja, ndefu ni viwili. Mstari wa vipigo vinne unaweza kuupanga kwa njia 5, wa vitano kwa njia 8, wa sita kwa njia 13. Sisi tunaopima nane kwa nane katika kila mshororo tungepaswa kulifurahia hilo kuliko sungura.

Nanasi limejuaje? Halijui. Kila jicho jipya linachipua kwenye ncha, mahali penye nafasi kubwa zaidi, mbali na yaliyolitangulia. Ukifuata sharti hilo moja tu, kila chipukizi linajikuta limegeuka kutoka kwa lililopita kwa pembe inayokaribia nyuzi 137.5. Ingekuwa nyuzi 90, mngeona safu nne zilizosimama, na nafasi tupu katikati. Ingekuwa 120, safu tatu. Kwenye 137.5 hakuna kinachomfunika mwenzake moja kwa moja. Mwaka 1992 wanafizikia wawili wa Ufaransa, Stéphane Douady na Yves Couder, walidondosha matone ya majimaji yenye usumaku kwenye sahani ya mafuta, tone baada ya tone, kila moja likiyakimbia yaliyotangulia. Matone yakajipanga kwa mistari ya namna hiihii. Hakukuwa na mbegu wala uhai wowote mle.

Hapa ndipo ninapokorofishana na mitandao. Mnatumiwa video zinazosema kila kitu kimejengwa kwa namba moja, uwiano wa dhahabu, ile 1.618 hivi mnayoikaribia mkigawanya namba ya Fibonacci kwa iliyoitangulia: uso wa mrembo, hekalu la Parthenon, konokono wa baharini aitwaye nautilasi, wamemchorea mstari wa dhahabu juu yake. Mchukueni huyo nautilasi mpime. Ule mchoro wa dhahabu, kila ukizunguka mara moja, unakua karibu mara 7. Gamba lake linakua karibu mara 3. Ni mviringo mzuri, una hisabati yake, lakini si ule. Hata kwenye mimea kuna inayokataa: utakuta mmea wenye 4, 7, 11, 18. Nao unajumlisha vilevile, umeanzia tu mahali pengine. Mtu anayekwambia maumbile yana namba moja ya siri hajahesabu mananasi ya kutosha.

Nyuki nitawapitia haraka, muda unanifukuza. Mkitaka kugawa sakafu kwa vyumba vinavyolingana, visivyoacha upenyo, kila kimoja sentimita mraba 1: pembetatu inataka kuta za sentimita 4.56, mraba 4, pembesita 3.72. Nyuki anaokoa nta. Pappus wa Alexandria alishaliwaza jambo hili katika karne ya 4, ila kuthibitisha kwamba hakuna umbo lolote, hata lililopindapinda, linaloishinda pembesita, kulisubiri hadi 1999, kwa mikono ya Thomas Hales. Miaka 1,600 na zaidi kwa kitu ambacho mrina asali anakiona kila akifungua mzinga.

Nimalizie na kazi, maana nimeahidi kwamba hamtaniamini. Mwanzoni mwa mwezi huu, karibu tarehe 3, jua lilipita wima juu ya Dar es Salaam. Litapita tena karibu 10 Oktoba. Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, Eratosthenes wa maktaba ya Alexandria, Misri, aliipima dunia kwa kivuli: alijua kwamba siku moja ya mwaka jua linasimama wima juu ya mji wa Syene, ambao leo ni Aswan, na siku hiyo kivuli cha Alexandria kilionyesha pembe iliyo sehemu 1 ya 50 ya duara. Akazidisha umbali wa miji hiyo miwili kwa 50.

Sisi tuna Mtwara. Iko kusini kwetu kilomita 385 hivi, ukipima kwa mstari wa kaskazini na kusini, si kwa barabara. Tarehe hiyo ya Oktoba, fimbo ya mita 1 hapa Dar haitakuwa na kivuli kabisa, saa sita na dakika kama 10 mchana. Mtwara, fimbo hiyohiyo itakuwa na kivuli cha sentimita 6 hivi. Kwa pembe ndogo namna hiyo mnaruhusiwa kugawanya tu: 385 gawa kwa 0.06, yaani kivuli hicho kwa mita, ni 6,417. Hiyo ni nusukipenyo ya dunia kwa kilomita, na vitabu vinasema 6,371. Zidisheni mara mbili, kisha kwa pai, mmepata mzingo wa kilomita 40,300 hivi. Vitabu vinasema 40,000 na kidogo. Angalieni sana rula, kwa sababu milimita moja ya kivuli inausogeza mzingo kwa kilomita zaidi ya 600.

Tanga nao wamo. Wako kaskazini kwetu kilomita 190 hivi, kwa hiyo kivuli chao kitakuwa kama sentimita 3, na kitaangukia upande wa kaskazini wakati cha Mtwara kinaangukia kusini. Walimu wenye wenzao Tanga na Mtwara, tuonane pale mlangoni tupeane namba. Fimbo iwe mita 1 kamili, isimamishwe kwa timazi la fundi, na sakafu ipigwe pima maji. Anzeni kuweka alama tangu saa sita kasorobo, kila baada ya dakika 5, hadi saa sita na nusu. Kivuli kifupi kuliko vyote ndicho mtakachonitumia.